“Bibi, ile ilikuwa yangu”: mjukuu kachaguliwa kiranja, furaha yangu imeleta mtafaruku

Mpendwa mshauri,

Nina furaha kubwa ambayo imeanza kuleta maneno nyumbani, na sijui niifanyeje.

Nina mjukuu wa kike wa miaka 11, mtoto wa kwanza wa mwanangu wa kiume. Tunaishi nyumba moja, kwa hiyo nimemwona akikua siku kwa siku. Tangu mdogo ana mambo yake. Wenzake wakikimbilia kitu kimoja yeye anaelekea kwingine, na si kwa ubishi, ni kwamba kuna jambo limemvutia huko. Ana daftari la kuandikia maswali, na maswali yenyewe hayaishi: kwa nini mwezi unatufuata tukitembea, nani aliamua wiki iwe na siku saba, kwa nini watu wazima wakikosea hawaombi radhi. Nguo anachagua mwenyewe, na akishachagua hata umwambie nini havui. Alipokuwa na miaka sita alikataa jina la utani tulilokuwa tumelizoea. Akasema ana jina lake na analipenda. Majirani walikuwa wakisema mtoto huyu ni wa peke yake, na hawakuwa wanamsifu. Mimi nilisikia, moyoni nikasema: na awe.

Sasa sikiliza hili. Nje ya nyumba watoto hucheza mpira, na mpira ni mmoja. Kila jioni ilikuwa vurugu, wakubwa wananyang’anya, wadogo wanalia. Siku hiyo nilikuwa nimekaa dirishani nikamwona mjukuu wangu kauchukua mpira, kaukalia. Kimya. Mvulana mmoja aliyemzidi umri akamwambia ainuke. Akamjibu, “Nitainuka tukishapanga.” Akaokota kijiti, akachora mistari chini, akaanza kuwapanga zamu. Mdogo kuliko wote akamweka wa kwanza, jina lake mwenyewe akaliandika la mwisho. Yule mkubwa akasusa, akaenda kukaa pembeni. Mjukuu wangu akamfuata. Sikusikia walichozungumza, ila walirudi pamoja, na yule aliyesusa ndiye akapewa kazi ya kuangalia zamu za wenzake. Siku hizi, hata mjukuu wangu akiwa ndani anafanya kazi za shule, nawasikia huko nje wakiitana kwa zamu.

Muhula huu wanafunzi wenzake wamempigia kura, wamemchagua kiranja wa darasa. Nilipopata habari nililia. Mimi nilikulia katika nyumba ambayo mtoto wa kike akiulizwa anajibu, asipoulizwa ananyamaza. Nilikuwa na maneno mengi, nimezeeka nayo. Nikimwona huyu mtoto anasimama anasema, naona kitu ambacho mimi sikukipata kimefika mahali pake.

Basi mambo yaliyonifanya nikuandikie ni haya. Ndugu walikuja kututembelea. Nikamwita mtoto sebuleni, nikawatangazia wote, nikamwambia asimame aeleze alivyochaguliwa na atawafanyia nini wenzake. Alisimama akaangalia chini, hakusema neno, halafu akatoka. Nikadhani ni haya tu. Usiku nilipomfuata chumbani akaniambia taratibu kabisa, “Bibi, ile ilikuwa yangu. Nilitaka kumwambia shangazi mwenyewe.”

Halafu kuna mama yake, mkwe wangu. Yeye anasema mtoto ameanza ujuaji. Majuzi alimjibu mama yake mbele ya watu kuhusu kuosha vyombo, eti kazi za nyumba hii hazigawanywi kwa haki. Mama yake akamwambia aombe radhi. Mimi nikaingilia kati, nikasema, “Mwache, huyo ni kiongozi, lazima aseme.” Mkwe wangu hakunijibu, lakini tangu siku hiyo tunasalimiana tu. Mwanangu anasema hayo ni ya kwetu wawili, tuyamalize wenyewe.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi. Mdogo wake ni mvulana wa miaka minane, mpole, haongei sana, anapenda kukaa peke yake akitengeneza vitu kwa maboksi na vipande vya waya. Zamani alikuwa haniachi. Nilipomuuliza mbona siku hizi haji kukaa nami, akasema, “Sina kitu cha kukuonyesha, Bibi.”

Shule itakuwa na siku ya kuwatambulisha viranja kwa wazazi, na nimeshaanza kuwaalika ndugu na majirani. Sasa nimesimama njia panda. Je, ni kosa bibi kujivunia mjukuu wake? Nikae pembeni mama yake amnyooshe, hata kama atamvunja moyo? Na huyu mdogo nimwambie nini?

Bibi mwenye fahari

—

Bibi, shikamoo.

Si kosa. Naanza na hilo kwa sababu naona barua yako inaomba ruhusa, na ruhusa hiyo unayo. Mtoto anayejua kwamba kuna mtu mzima ambaye uso wake hung’aa akimwona ana pa kuegemea siku mambo yakiwa magumu. Wewe ulimpokea mjukuu wako jinsi alivyo wakati majirani wakimteta. Hilo usilipunguze hata kidogo.

Lakini nataka turudi kwenye maneno aliyokuambia usiku ule. Kuchaguliwa kule pengine ndilo jambo kubwa la kwanza maishani mwake alilolipata bila mtu mzima kumshika mkono. Kura ni za wenzake. Alikuwa ameshapanga atamwambia nani kwanza na kwa maneno gani, shangazi akiwemo. Alipoitwa sebuleni akakuta habari yake imekwisha kutangazwa, na yeye anatakiwa aipambe mbele ya wageni. Tazama basi alivyofanya. Hakulia, hakukujibu mbele za watu. Alingoja mpaka mkawa wawili, ndipo akakuambia, taratibu, kwa sentensi mbili. Mtoto wa miaka 11! Watu wazima wangapi wanaliweza hilo? Ninaposoma barua yako, hapo ndipo namwona kiongozi kuliko mahali pengine popote, hata kuliko pale kwenye mpira. Alichokuambia kilikuwa kigumu, na bado alikulindia heshima yako.

Kwa hiyo mjibu kwa ufupi uleule. Mwambie: “Nilikusikia siku ile. Habari zako ni zako. Kabla sijamwambia mtu nitakuuliza.” Ishia hapo. Usimweleze ulikuwa na nia gani wala furaha yako ilikuwa kubwa kiasi gani, kwa sababu atajikuta anakubembeleza wewe. Kisha litimize. Siku yoyote akileta jambo jema nyumbani, muulize, “Hili ungependa nani ajue?” Akisema “wewe tu”, liweke.

Ni mtoto yuleyule aliyekataa jina la utani akiwa na miaka sita. Mtoto wa namna hii anapendwa sana upekee wake unapowafurahisha watu, ila siku ukiwagusa wao wenyewe wanaanza kuuita kiburi. Wewe umeupenda tangu mwanzo, basi uupende na pale ambapo unakuwekea mpaka. Alexander Thomas na Stella Chess, madaktari wa akili wa New York, walianza mwaka 1956 kuwafuatilia watoto 133, tangu uchanga hadi utu uzima. Waliona tofauti tangu miezi ya mwanzo kabisa: huyu huzoea jambo jipya upesi, yule hukawia, huyu hisia zake ni kali, yule ni za pole. Na waliona kwamba tabia hizo za asili peke yake haziamui mtoto atakuwaje. Kinacholeta tofauti kubwa ni jinsi matarajio ya wanaomlea yanavyolingana nazo. Mjukuu wako ameuonyesha uongozi wake akiwa amekaa chini, kimya, na kijiti mkononi, kisha kwa kumfuata mmoja pembeni wakazungumza. Kumpa jukwaa na wasikilizaji wa ghafla ni kumwomba awe mtoto mwingine. Labda siku moja atalipenda jukwaa. Akilitaka, atalipanda mwenyewe.

Kuhusu mpira kuna jambo umelitaja kwa kupita, nami nataka ulishike. Umesema hata akiwa ndani, wenzake wanaendelea na zamu. Mwaka 1939 Kurt Lewin, Ronald Lippitt na Ralph White walichapisha utafiti uliofanyika Iowa, Marekani, kwa vikundi vya wavulana wa miaka 10 hivi waliokuwa wakitengeneza barakoa na vitu vingine vya mikono. Vikundi vingine viliongozwa na mtu mzima anayeamua kila kitu, vingine na anayewashirikisha watoto kupanga, vingine na anayewaacha wajifanyie watakavyo. Yule wa amri alipotoka chumbani, kazi ilizorota. Yule wa kushirikisha alipotoka, watoto waliendelea karibu kama yupo. Basi wewe ulichokisikia dirishani ni hicho. Ule utaratibu umekuwa wa watoto wote, na hata yule aliyesusa ana kazi ndani yake. Ukitafuta cha kumsifu mjukuu wako, msifu kwa hilo: “Niliona ulivyomfuata yule aliyesusa. Ulimwambia nini?” Halafu nyamaza umsikilize. Sifa ya namna hii inamwonyesha kwamba ulikuwa unatazama kweli, na inamwachia yeye nafasi ya kusimulia.

Ninachokiogopa kidogo ni lile jina “kiongozi” likianza kuzungushwa ndani ya nyumba. Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha mwaka 1998 majaribio waliyoyafanya kwa watoto wa umri huohuo wa mjukuu wako, miaka 10 hadi 12. Watoto walipewa mafumbo, wakafanya vizuri. Baadhi wakaambiwa wamefaulu kwa kuwa wana akili, wengine wakaambiwa wamefaulu kwa kuwa wamejitahidi. Walioambiwa wana akili wakawa wanachagua kazi nyepesi zitakazowaonyesha werevu, na walipokutana na mafumbo magumu wakavunjika moyo kuliko wenzao. Walipotakiwa kuwaandikia watoto wengine alama walizopata, zaidi ya theluthi moja yao waliongeza alama. Walidanganya, tena kwa mtu wasiyemjua! Mtoto akishapewa jina kubwa anaanza kulilinda. Sasa fikiria kiranja wa miaka 11. Kuna siku darasa litampigia kelele, mwalimu atamkaripia kwa kosa la wenzake, rafiki yake atamnunia kwa sababu ameandika jina lake kwenye orodha ya wapiga kelele. Siku hiyo atahitaji mahali pa kupeleka habari mbaya. Ukiwa wewe ndiye uliyemtangaza kuwa kiongozi kwa kila mgeni, utakuwa mtu wa mwisho kuambiwa, kwa kuwa ataogopa kukuvunja. Nataka uwe wa kwanza. Kwa hiyo mara mojamoja usimuulize kama kazi ya ukiranja inaendelea vizuri. Muulize, “Wiki hii ni jambo gani lilikushinda?” na akilitaja usishtuke wala usikimbilie kumtatulia.

Tuje kwa mkwe wako. Hapa nitasema wazi, kwa heshima zote, kwa sababu naona ndipo panapoweza kuharibu mengi.

Mtoto alikuwa na hoja. Inawezekana kabisa kazi za nyumba hazijagawanywa kwa haki, na mtoto anayepanga zamu za mpira ni lazima ataliona hilo. Lakini kuwa na hoja ni jambo moja, na namna ya kuisema, mahali gani na mbele ya nani, ni jambo jingine. Mama yake, kwa jinsi ulivyonieleza, hakumkataza kuwa na maoni. Alidai radhi kwa jinsi yalivyosemwa. Wewe ulipoingia kati ukasema “huyo ni kiongozi”, mtoto alisikia kwamba cheo kinamwondolea mtu wajibu wa kuomba radhi. Na katika daftari lake, Bibi, umeniandikia mwenyewe, ameuliza kwa nini watu wazima wakikosea hawaombi radhi. Swali hilo limekaa linangoja jibu, na wewe ndiye mwenye nafasi nzuri ya kulijibu.

Mtafute mkwe wako mkiwa wawili. Usitume mtu, usimpitie mwanao. Mwambie, “Mwanangu, siku ile nilikuingilia mbele ya mtoto. Wewe ndiye mama yake. Naomba unisamehe.” Usiweke “lakini” mwishoni. Akikubali, siku nyingine watoto wakiwepo, liseme tena kwa sentensi moja ukiwa katika shughuli zako, bila kuwaita wala kuwakalisha. Mjukuu wako atalisikia, na atalielewa kuliko mawaidha yoyote utakayompa kuhusu uongozi.

Umeuliza kama mama yake atamvunja moyo. Kumrudi mtoto kwa kumweleza sababu, na kumpa nafasi ya kujibu, hakumvunji. Diana Baumrind, aliyechunguza malezi ya watoto wadogo nchini Marekani katika miaka ya 1960, alikuta kwamba watoto waliojitegemea na kujimudu zaidi walikuwa na wazazi wenye upendo na msimamo kwa pamoja: wanaweka mipaka, wanaieleza, na wanamsikiliza mtoto hata kama mwishowe uamuzi unabaki kwao. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 nao umeyashika yote mawili. Ibara ya 12 inampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu, na maoni yake yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Ibara ya 5 inatambua wajibu na haki ya wazazi kumwongoza kadiri uwezo wake unavyokua. Hakuna mahali paliposemwa kwamba mtoto akishasema, basi imekuwa. Kama ungeniambia mama yake anamtukana au anampiga, ningekuandikia barua nyingine kabisa. Hukuniambia hivyo. Umeniambia alimtaka aombe radhi.

Mkishapatana, unaweza kumdokezea mkwe wako wazo moja, kama anataka kulichukua: amwambie binti yake alete kwa maandishi mpango wa kugawa kazi za nyumbani, wa kila mtu, kuanzia wakubwa, halafu wakae waujadili. Mtoto atagundua kuna kazi ambazo hakuwahi kuziona zikifanywa. Atagundua pia kwamba mama yake ni mtu wa kuzungumza naye. Ila liwe wazo la mkwe wako, yeye ndiye alitangaze. Wewe siku hiyo kaa kama mwananyumba mwingine anayepangiwa zamu.

Huyu mdogo sasa. Maneno yake yaliniuma hata mimi. Anaamini kwamba ili akae na bibi yake lazima aje na kitu mkononi. Hakuna aliyemwambia hivyo, amelihesabu mwenyewe kwa kuangalia unamwita nani na kwa sababu gani. Usimjibu kwa maneno. Ukimwambia “hata wewe nakupenda” atasikia lile neno “hata”. Wala usimwambie kwamba naye zamu yake itafika atakuwa kiranja. Huenda ukiranja hautaki, na kwa hali yake ya upole pengine hatautaka kamwe, na maisha yake yatakuwa mema tu.

Nenda yeye alipo. Chukua kiti chako ukakae karibu na maboksi na waya zake, na kazi yako ya mikono kama unayo. Usimsifu na usimuulize anatengeneza nini kwa dakika za mwanzo. Mtoto wa namna hii huanza kuongea mikono yake ikiwa ina shughuli. Akikuomba umshikie waya, mshikie. Rudi na kesho, na siku ambayo hakuna kilichokamilika. Baada ya muda ataanza tena kuja mwenyewe, mikono mitupu. Na dada yake akiwepo, jizuie kuwalinganisha hata kwa wema. “Huyu msemaji, huyu fundi” inasikika vizuri masikioni mwetu, lakini inamfungia kila mmoja mlango wa mwenzake. Dada naye huenda siku moja atataka kukaa kimya atengeneze kitu.

Kuna jambo umeliandika kwa mistari michache na nadhani ndilo zito kuliko yote: maneno uliyozeeka nayo. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi. Naelewa kwa nini ulilia, na machozi hayo ni ya haki. Usiyafiche. Msimulie mjukuu wako. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Marshall Duke na Robyn Fivush wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, walitunga maswali 20 ya kupima watoto wanajua kiasi gani kuhusu familia yao: babu na bibi walikulia wapi, wazazi walikutanaje, ni mambo gani mabaya yaliwahi kuwapata. Watoto waliojua zaidi walionekana kujithamini zaidi na kuhisi kwamba wana uwezo juu ya maisha yao. Watafiti hao hawakusema watoto wakaririshwe majibu. Wanaozijua hadithi hizo ni watoto ambao watu wazima wamekaa nao wakawasimulia, tena na tena, ya furaha na ya machungu.

Basi kaa na wote wawili, dada na kaka, uwasimulie ile nyumba uliyokulia. Waambie kuhusu siku moja hasa ambayo ulikuwa na la kusema ukalimeza: mlikuwa wapi, nani alikuwepo, ulitaka kusema nini. Waache waulize. Huyo wa daftari atakuuliza mpaka usiku. Ila usimfanye mjukuu wako awe jibu la siku ile. Ukimwambia “wewe ndiye utakayesema niliyoshindwa mimi”, utakuwa umempa mzigo wa miaka yako juu ya ukiranja wa darasa moja, na siku akitaka kuuacha ukiranja ataona anakuacha wewe. Msimulie kama jambo lililokupata, kisha mwache afanye nalo atakavyo. Na wewe mwenyewe, Bibi, hujachelewa. Barua uliyoniandikia imejaa maneno ya mtu anayejua kutazama na kusema. Kama kuna jambo hujawahi kuliambia familia yako, liseme kwa kinywa chako.

Limebaki lile la siku ya viranja. Simamisha mialiko kwanza. Mwone mkwe wako umuulize yeye na mumewe wamepangaje, kwa maana shule imewaita wazazi. Wakiridhia watu wengine waje, mwambieni mtoto aandike majina ya anaotaka wawepo. Anaweza kuandika watu watatu, anaweza kuandika kumi, na asimwandike mtu uliyemtarajia. Kubalini. Wale uliokwisha kuwaalika wapigie simu uwaambie ukweli, kwamba mtoto ameomba watu wachache na atawasimulia mwenyewe watakapoonana. Hakuna mtu mwenye busara atakayekasirika kwa hilo. Shangazi usimpigie wewe. Mpe mtoto simu.

Jina lako likiwemo kwenye orodha, nenda, ukae jirani na mkwe wako, na mjukuu wako akiitwa mbele piga makofi kwa nguvu zako zote. Nisalimie nyumba nzima, na huyo mdogo mwambie ningependa kujua anavyoviunganisha vile vipande vya waya.

Mshauri wako